Tairi moja mpya, na gari inajishikilia kwenye kona

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa wenye gari ndogo za foo wili: za kupeleka watoto shule Jumatatu na kuingia porini Jumamosi. Forester zimeongoza, X-Trail ikafuata. Tumefupisha barua, majibu hatukuyafupisha.

Shikamooni mafundi. Nina Forester SH5 ya 2.0, gia otomatiki. Mwezi uliopita tairi ya mbele ilipasuka njia ya Pawaga, nikanunua moja mpya ya saizi ileile. Sasa nikikata kona ya kuegesha, gari inajishikilia kama mtu kavuta hendibreki, halafu inaruka kidogo. Fundi anasema gia boksi imekufa. Kweli?
Msomaji, Iringa

Marahaba. Kabla hujakubali msiba wa gia boksi, pima tairi.

Foo wili ya gari yako haina swichi ya kuwasha wala kuzima. Nyuma ya gia boksi kuna klachi ya sahani nyingi inayopeleka nguvu kwenye propela shafti. Presha ya hidroliki, yaani oili ya gia boksi, ndiyo inayoibana na kuilegeza, na kompyuta ndiyo inayoamua ibanwe kiasi gani. Tairi iliyolika ni ndogo, kwa hiyo kwa umbali uleule inazunguka mara nyingi kuliko mpya. Ukichanganya tatu zilizolika na moja mpya, mbele na nyuma hazilingani mizunguko hata barabara ikiwa imenyooka, na klachi inakaa ikisuguana kutoka Iringa mpaka Mafinga. Inapata joto, hidroliki inaungua, sahani zinachimba mifereji kwenye ngoma zake, na mwisho wake hazitaki kuachia. Kwenye kona magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma, na hapo klachi ilitakiwa ilegee. Isipolegea, ndipo gari inakaza na kuruka.

Azima futi ya fundi cherehani. Jaza upepo tairi zote kama kibandiko cha kwenye nguzo ya mlango wa dereva kinavyosema, nyanyua gurudumu moja moja kwa jeki, kisha zungusha futi katikati ya kashata, yale matuta ya tairi yanayokanyaga barabara. Subaru wanataka mzingo wa tairi usipishane zaidi ya robo inchi, yaani milimita 6 na kidogo. Hiyo ni sawa na kashata kupishana kina kwa milimita 1 tu. Tairi mpya huwa na kina cha milimita 8 hivi. Kama hizo tatu zimebaki na 4, mizingo inapishana kwa milimita 25, mara nne ya kinachoruhusiwa. Maneno "saizi ileile" yaliyoandikwa ubavuni hayakusaidii kitu hapo, na hata tairi mbili mpya za makampuni tofauti huweza kupishana.

Dawa nzuri ni tairi nne za aina moja. Kama mfuko haujakubali, tafuta moja ya mtumba yenye jina lilelile, ua (mchoro wa kashata) lilelile na kina kilekile na hizo tatu, na ile mpya iwe spea. Ukinunua mtumba soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT: 2319 maana yake imetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Iliyozidi miaka sita iache hata kama kashata zinameremeta.

Tairi zikishalingana, endesha dakika 15 mpaka gia boksi ipate moto, maana ugonjwa huu hujificha gari ikiwa baridi. Nenda uwanja wa lami, kata usukani mpaka mwisho, achia breki bila kukanyaga mafuta. Gari nzima itatambaa yenyewe, mbovu itasimama. Ikisimama, badilisha hidroliki. Ukimwaga kwa nati hutoka chini ya nusu ya iliyomo, kwa hiyo rudia mara tatu, ukiendesha siku chache katikati. Gari nyingi zilizoshikilia kidogo hupona hapo. Angalia pia taa ya AT OIL TEMP (joto la oili ya gia boksi) unapowasha injini: ikimweka mara 16 kisha ikatulia, kompyuta ya gia imehifadhi kosa, nenda ukapimiwe kwa mashine. Mara nyingi mshukiwa ni solenoidi ya klachi hiyo, ambayo mafundi wa Subaru wanaijua kwa jina la Duty C. Iko kwenye mkia wa gia boksi. Hufikiwa kwa kufungua propela shafti, kipande cha ekzosi na mfuniko wa nyuma, gari ikiwa juu. Fundi anayesema ni lazima gia boksi yote ishuke, mshukuru na utafute mwingine.

Na ile spea nyembamba ya njano: mwongozo wa Subaru unaitaka ikae nyuma tu. Ikipasuka ya mbele, hamisha moja ya nyuma uipeleke mbele, ndipo spea ikae nyuma. Kwenye Forester za zamani, SF na SG za otomatiki, chini ya boneti kuna tundu la fyuzi limeandikwa FWD. Ukichomeka fyuzi hapo, nyuma inaachiwa mpaka utakapopata tairi kamili.

Nina Forester SJ5 ya 2014. Nilibadilisha oili ya injini kwenye gereji moja ya mtaani. Kilomita 30 baadaye gari ikaanza kuvuma upande wa mbele, mvumo unapanda na mwendo. Kijiti cha oili kinaonyesha imepita alama ya juu sana. Nifanyeje?
Msomaji, Moshi

Usiiwashe tena, dada. Ita brekidauni ya kubeba gari nzima mgongoni. Ile ya kunyanyua magurudumu mawili tu na mawili yakavingirika chini itakuongezea ubovu mwingine.

Kilichotokea hutokea kwa Subaru kila wiki mahali fulani. Chini ya gari hii kuna nati zaidi ya moja za kumwaga oili, na fundi amefungua isiyo ya injini. Ametoa oili ya difu ya mbele, kisha akajaza lita 4.8 kwenye injini iliyokuwa tayari imejaa. Difu ya mbele imo ndani ya kasha moja na gia boksi lakini ina oili yake peke yake, takriban lita moja na robo ya 75W-90 ya daraja la GL-5. Bila hiyo, meno yanasagana makavu, na huo ndio mvumo unaousikia. Kama angemwaga ya CVT (gia boksi otomatiki ya gari hii), gari ingekuwa inateleza na kukataa kuondoka.

Ukilala chini ya gari ukitokea bampa la mbele, nati ya injini ndiyo ya kwanza, kwenye sampu, ya spana namba 17. Ya difu iko nyuma yake, kwenye kasha la gia, na kichwa chake kina tundu la nyota saizi T70. Fundi akianza kutafuta biti ya nyota ili amwage oili ya injini, mwambie asimame. Oili ya injini iliyotumika ni nyeusi, na kinachotoka kikiwa na rangi ya asali, rudisha nati haraka. Filta ya injini ya gari hii, FB20, wala haihitaji mtu kulala chini: fungua boneti, iko juu kwa mbele, unaishika kwa mkono.

Sasa matibabu. Punguza oili ya injini mpaka ifike alama, kwa sababu ikizidi, krenki inaipiga kuwa povu, na povu halilainishi kitu. Jaza difu ya mbele oili mpya, endesha kilomita chache taratibu, kisha imwage tena kwenye beseni safi. Uji laini wa kijivu kwenye sumaku ya nati ni kawaida. Vipande unavyoweza kubana kwa kucha si kawaida, meno yameshakatika. Mvumo ukibaki ilhali oili imo, beringi au meno yamekwisha, na hapo watu wengi huishia kununua gia boksi ya mtumba. Ndiyo maana tunashauri kupaka rangi nyekundu nati ya injini siku ya kwanza unapoinunua gari. Mkebe wa rangi ni bei ya soda mbili tatu.

Jambo moja zaidi la SJ5: CVT yake inavuta kwa mnyororo wa chuma unaobanwa kati ya puli, na inataka oili ya CVT iliyoandikwa kwa ajili ya Lineartronic, jina ambalo Subaru wanaiita CVT yao. Hidroliki ya kawaida ikiingia humo, mnyororo unateleza na puli zinakwanguka. Badilisha kila kilomita 40,000 hadi 60,000, hata kama muuzaji amekuambia ni "ya maisha". Hakusema maisha ya nani.

Redio ya gari yangu haishiki stesheni nyingi. Imeharibika?
Msomaji, Kahama

Ni nzima. Redio za Japani zimetengenezwa kwa masafa yanayoanzia 76 na kuishia 90 au zaidi kidogo, na stesheni zetu ziko kati ya 87.5 na 108. Duka la redio za magari litakufungia kiboksi cha kuongeza masafa kwenye waya wa antena. Kazi ya nusu saa.

Tunapanga kwenda Pangani na Saadani na Forester ya SJ yenye kitufe cha X-MODE. Kuna mchanga na kuna matope. Tujiandae vipi?
Msomaji, Tanga

Mchanga kwanza, kwa sababu huo hauna siri. Kabla ya kuingia, punguza upepo mpaka psi 20. Tairi inalala, inakanyaga eneo refu zaidi, haichimbi. Bado mnazama? 18. Msishuke chini ya 15, tairi itavuka ukingo wa rimu kwenye kona. Mkiwa na upepo huo msizidi kilomita 40 kwa saa, na msirudi kwenye lami kabla ya kujaza. Pampu za kuchomeka kwenye tundu la sigara ni dhaifu na hukata fyuzi, nunueni ile ya kubana kwenye betri.

X-MODE inawashwa gari ikiwa chini ya kilomita 20 kwa saa, na ikifika 40 inajizima yenyewe. Kazi yake kubwa ni kubana breki ya gurudumu linalozunguka bure ili nguvu iende kwa lenzake. Hilo lina maana kwa sababu difu za gari hizi hazina loki. Gurudumu la mbele kushoto na la nyuma kulia yakielea kwa pamoja kwenye mashimo, gari isiyo na msaada huo inabaki ikivuma tu. Kwenye korongo na mawe, washeni. Kwenye mchanga mrefu mlaini tungezima VDC (mfumo wa kuzuia gari kuteleza) kwanza, kwa kushikilia kitufe chake, maana inakata nguvu ya injini wakati mnapoihitaji ili gari isipoteze mwendo.

Gari ikiacha kusonga, ondoa mguu. Kila sekunde ya kuzungusha tairi ni sentimita nyingine ya kaburi, na uvungu ukishalala juu ya mchanga, foo wili haina kazi tena. Chimbeni mbele ya tairi zote nne, toeni mchanga chini ya tumbo, lazeni mbao, na mara nyingi rudini nyuma mlikotoka, kwa alama zenu wenyewe. Kama kuna gari ya kuwavuta, kamba isifungwe kwenye vile vipete vya chuma chini ya bampa. Hivyo viliwekwa ili gari ifungwe melini. Ndani ya buti, pamoja na jeki, kuna ndoano ya kukaza kwa skrubu. Kwenye bampa bandueni kifuniko kidogo cha plastiki, kazeni ndoano mpaka mwisho, na kamba ivutwe taratibu bila kushtukiza. Watu wengine wakae mbali na kamba.

Matope yana aina zake. Ya kichanga yanapitika. Udongo mweusi wa mbuga ukilowa ni habari nyingine: unajaza maua ya tairi za lami mpaka zinakuwa kama mpira laini, unajibandika ndani ya matao, na kupunguza upepo hakusaidii kama kwenye mchanga. Uvungu wa SJ una nafasi ya milimita 220, ambayo kwa gari ya mjini ni nyingi na kwenye mifereji ya lori wakati wa masika haifiki popote. Subirini jua liukaushe, au zungukeni.

Mtoni, mtu apite kwa miguu kwanza na fimbo, isipokuwa kwenye mito yenye mamba na viboko. Huko kama hamwoni chini, msipite. Maji yakizidi kitovu cha rimu, geuzeni. Yakiwa chini ya hapo, piteni kwa mwendo wa kutembea bila kusimama wala kubadilisha mawazo katikati. Injini ikizimika ndani ya maji, msijaribu kuiwasha. Maji hayabanwi kama hewa: pistoni ikiyakuta kwenye silinda, koni rodi inapinda. Ivuteni nje, toeni plagi zote nne, zungusheni injini maji yaruke, halafu angalieni kijiti cha oili. Ikiwa rangi ya chai ya maziwa, mwageni kabla ya kuwasha. Na hata kama mmevuka salama, mkirudi nyumbani fungueni nati ya difu ya nyuma. Ina lita 0.8 tu, na maji huingia humo kupitia tundu la kupumulia difu ya moto inapopoa ghafla. Fungueni nati ya kujazia kwanza. Anayeanza na ya kumwagia, akakuta ya kujazia imeganda, amebaki na gari isiyo na oili.

Mkitoka pwani, osheni uvungu kwa maji mengi yasiyo na chumvi siku hiyohiyo.

X-Trail NT31 yangu ikipanda Kitonga na abiria watano inapoteza nguvu katikati ya mlima. Rejeta haichemshi. Nikipumzika kidogo inarudi sawa.
Msomaji, Mbeya

Ni joto la CVT, kaka. Oili yake ikipanda joto kupita kiasi, kompyuta inabana nguvu ya injini ili kuiokoa gia. Inakuokoa, usiikasirikie.

Oili ni NS-2. Ukimwaga kwa nati hutoka kama lita 4, nusu hivi ya iliyomo. Pima ulichotoa kwa chupa, rudisha kiasi hichohicho, na urudie baada ya kilomita elfu moja. Shusha beseni usafishe sumaku na filta yake. Mafundi wengi hawajui kuwa kuna filta ya pili, ndogo ya karatasi, upande wa kipoza oili. Hiyo ikiziba, oili haipiti kwenye kipoza na joto halina pa kwenda. Osha pia mapezi ya rejeta na kondensa kwa maji yasiyo na kasi, yakitokea upande wa injini, utoe vumbi na wadudu. Nyuma ya lori, usikanyage na kuachia. Acha nafasi, kisha panda kwa mwendo mmoja. Ikibana nguvu, egesha mahali salama na uache injini ikiunguruma kwenye P ili oili iendelee kuzunguka. Ukizima, unaipika.

Kile kirungu cha 2WD, AUTO na LOCK kiache kwenye AUTO. LOCK ni ya tope na mwendo mdogo, na kwa lami ya Kitonga inakuongezea joto tu.

Habari zenu. Niko Nakuru. Nimepata Forester mbili zilizotumika hapa nchini, bei karibu sawa: SH5 2.0X isiyo na turbo, ya injini ya EJ, na SG5 XT yenye turbo. Wiki nzima ni shule na sokoni, wikendi Menengai au Baringo. Nichukue ipi?
Msomaji, Nakuru

SH5. XT ni tamu, lakini turbo yake hulainishwa kwa oili inayopita kwenye bomba jembamba, na ndani ya boliti ya bomba hilo mara nyingi kuna kichujio kidogo cha waya. Mwenye gari aliyetangulia akichelewesha oili, kichujio kinaziba na turbo inakufa kwa kiu. Huwezi kujua alichelewesha mara ngapi.

Hata hiyo SH5 usiinunue kwa macho. Injini za EJ zina taimingi belti, ya kubadilishwa kila kilomita 100,000, na ikikatika pistoni zinagonga valvu. Kama hakuna risiti, hesabu kwamba haijabadilishwa, na mshushie muuzaji bei ya seti nzima: belti, tenshona, puli zake na pampu ya maji. Kubadilisha belti peke yake ni kulipa ufundi mara mbili.

Kisha simama pembeni ya gari kwenye sakafu tambarare. Pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa tao, mbele na nyuma. Nyuma ikiwa imelala, huenda ina zile shokapu za nyuma zinazojiinua zenyewe, na zimekwisha. Ukiweka shokapu za kawaida badilisha na springi zake, maana springi za mfumo ule ni laini na nyuma itaendelea kulala.

Mwisho ingia uvungu na tochi. Gari iliyoishi kaskazini ya Japani imekanyaga chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji. Kwaruza kwa bisibisi mabomba ya breki, vikalio vya springi na fremu ndogo inayobeba difu ya nyuma. Kutu ya juu inayofutika ni sawa. Ikitoka kwa magamba, au bisibisi ikizama, mrudishie funguo.